Mwendo wa Diski kwa Vikombe vya Kahawa

Mlipokuja kuniaga mlinipa keki yenye kompyuta iliyochorwa kwa sukari, mkaimba, kisha mkaniomba niwaandikie machache ya kazini mpate kuyabandika kwenye chumba cha mitambo. Machache siyajui. Mimi nilikijua chumba kile kilipokuwa stoo ya mafagio, kwa hiyo tafuteni ukuta mrefu. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili: kimoja kilikuja na kiti, kingine hakikuja na kitu. Mshahara nao tuuache ulale salama ulipo.

Nitaandika habari ya mwendo, kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi: vitu vinatokaje kwenye diski moja kwenda nyingine, kwa waya gani, na kwa muda gani. Na nitaandika habari ya diski moja niliyoiua kwa mkono wangu. Ninyi mmeambiwa ilikuja imekufa. Mliambiwa na mimi.

Niliingia ofisi yetu ya kumbukumbu za ardhi, hapa Bagamoyo, nikiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ililetwa siku hiyohiyo, basi nayo na mimi tuliripoti kazini pamoja, ingawa yenyewe ilipokewa na watu wengi zaidi. Ilifuatana na Fundi Mbwana, mtu wa Dunda, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye maisha yake yote alikuwa akitengeneza redio. Mkuu wa ofisi akamuuliza kama kompyuta anaiweza. Fundi Mbwana akasema kompyuta ni redio iliyokwenda shule, akakaa chini, akaifungua.

Baada ya muda akaniita. Hakuuliza jina langu wala elimu yangu. Aliuliza, "Binti, una kucha?"

Nikamwonyesha. Nyuma ya kila diski ya zamani palikuwa na vijiti vidogo vya chuma, na juu ya vijiti palivikwa kifuniko cha plastiki kidogo kama punje ya mchele. Kifuniko kile ndicho kilichoiambia diski nafasi yake pale zinapokaa mbili kwenye kebo moja. Kukitoa kulitaka kucha, na Fundi Mbwana za kwake alizimaliza kwenye redio za watu. Hivyo ndivyo nilivyoingia ufundi. Wengine waliingia kwa cheti, mimi niliingia kwa kucha, na hina nilikuwa nimeipaka Ijumaa.

Pembeni ya vile vijiti paliandikwa kwa Kiingereza kwamba diski hii ni bwana na ile ni mtumwa. Fundi Mbwana aliponisomea maana yake alivua miwani. "Mtu akae huko kwao atengeneze kidude, akiite mtumwa, halafu akilete Bagamoyo," alisema. "Hana hata haya." Kuanzia siku ile kwetu diski zikawa mkubwa na mdogo, na hata kwenye fomu za ukaguzi tukaandika hivyo. Mkaguzi mmoja kutoka Dar aliuliza mbona diski zetu zina udugu. Tukamwambia ndiyo maana hazigombani.

Enzi zile vitu vyote vilihama kwa flopi. Ninyi flopi mnaijua kama kile kialama cha kuhifadhi kwenye skrini, na mmoja wenu, sitamtaja, aliwahi kuniuliza kwa nini walichora kabati. Flopi ilibeba chini ya megabaiti moja na nusu, na kuijaza kulichukua kama dakika nzima, huku ikikoroma. Gigabaiti moja, ambayo leo mnaitumiana kwa simu kucheka, ingetaka flopi kama mia saba na mtu wa kukaa saa kumi na mbili akichomeka na kuchomoa. Sisi tulikuwa na flopi thelathini, na kumi kati ya hizo ukungu wa pwani ulikwishazila.

Fundi Mbwana alikuwa na saa ya mkononi iliyosimama miaka mingi, naye hakutaka kuisumbua. Muda aliupima kwa kahawa. Muuza kahawa alipita barazani kwetu saa nne na saa nane, na dele lake na kashata zake, na kikombe kimoja kikinywewa kiungwana, pamoja na kashata, kilikuwa dakika tano. Hapo ndipo tulipoanzisha daftari. Kila waya mpya ulipofika tulihamisha mzigo uleule, tukanywa, tukaandika. Flopi, gigabaiti moja, kwa hesabu tu: vikombe mia na arobaini. Pembeni Fundi Mbwana akaandika kwa kalamu nyekundu, "Figo hazitakubali."

Halafu zikaja diski kubwa kidogo na kebo zake bapa, pana kama mkanda wa mwanajeshi. Hapa niwape somo ambalo chuoni hamkupewa. Kebo ya kwanza ilikuwa na nyaya arobaini, na kwa hiyo diski ilikwenda megabaiti thelathini na tatu kwa sekunde, basi. Baadaye ikaja kebo ya nyaya themanini, na mwendo ukapanda hadi sitini na sita, kisha mia, kisha mia na thelathini na tatu. Kichwa cha kuchomeka ni kilekile, matundu ni yaleyale. Sasa zile nyaya arobaini za ziada zilibeba nini? Hazikubeba chochote. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya wenzake ili wasisikilizane maneno. Niliposikia hivyo nilielewa ghafla kwa nini ofisi yetu ilikuwa na watu wengi kiasi kile.

Kosa la wengi lilikuwa kununua diski ya mwendo wa mia, wakaifunga kwa kebo ya arobaini waliyoitoa kwenye mashine ya zamani, kwa sababu kebo nzuri hiyo, itupwe ya nini? Mashine inashusha mwendo kimyakimya, haisemi. Niliitwa hadi Msata kwenye ofisi moja ya mizigo wakalalamika kwamba kompyuta mpya ni nzito kuliko mke wa kaka. Nikahesabu mistari ya kebo kwa ukucha, nikabadilisha, nikaondoka kabla kahawa haijapoa. Wakasema mimi mchawi. Sikukanusha.

Likaja lile tundu la kuchomeka kila kitu, la USB, ambalo ninyi mmezaliwa nalo. Toleo lake la kwanza lilikuwa la aibu: megabaiti moja hivi kwa sekunde. Gigabaiti moja, vikombe vitatu na kashata ya ziada. Toleo la pili sandukuni waliandika mia nne na themanini, na watu wakachanganyikiwa kwa furaha. Fundi Mbwana akanifundisha kusoma sanduku kama unavyosoma posa: usitazame sifa, uliza jamaa zake. Ile mia nne na themanini ni biti, na biti nane ndiyo baiti moja. Gawa kwa nane, unabaki na sitini. Halafu toa njia, toa msongamano, toa ujinga, unabaki na thelathini ukibahatika. Hata hivyo gigabaiti ikawa chini ya dakika, kahawa hujaipuliza.

Na ikaja kebo nyembamba ya kisasa, ikatangaza mia na hamsini, kisha mia tatu, kisha mia sita. Diski zenyewe zilizokuwa ndani zilitoa hamsini, sitini. Ni kufunga bomba la inchi nne kwenye kisima cha kuchota kwa ndoo. Niliandika yote daftarini, nikapiga jedwali kwa rangi, nikalibandika ukutani, na nikawa mtu wa kuitwa kwenye semina. Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nilikuwa natembea na jedwali langu kama bibi harusi na kanga mpya.

Fundi Mbwana alistaafu akarudi Dunda kwenye redio zake. Aliponiachia daftari alinipa na neno moja la mwisho kuhusu diski wagonjwa. Diski mgonjwa haizimwi. Ukiikuta inapumua, isomeshe kutoka mwanzo hadi mwisho, mfululizo, kichwa chake kisirukeruke, kwa mwendo inaoutaka yenyewe. Mashine ikishusha mwendo, ishukuru. Ukiizima, huenda isiamke tena. Niliitikia. Nilikuwa nimeshika daftari la vikombe na mawazo yangu yalikuwa kwenye waya mpya wa Kariakoo.

Sasa nije kwa Bi Mwajuma.

Alikuja Jumatatu asubuhi kutoka Makurunge, mama mtu mzima, mwembamba, kanga mbili zimefungwa sawasawa, akakaa kwenye benchi la barazani akisubiri kuitwa kama vile ofisi ni nyumba ya mtu. Nikatoka kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayefufua."

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Shamba lao walilifyeka wenyewe tangu likiwa pori, wakapanda mihogo, minanasi na mikorosho. Miaka ya nyuma ulipita mradi wa kupima mashamba ya vijiji, na wapimaji waliutembea mpaka wao pamoja na mumewe na majirani, wakaandika, wakapiga picha. Sasa shemeji yake, Salumu, mdogo wa marehemu, mwenye shamba la jirani, amesema lile ni shamba la ukoo, halijawahi kupimwa, hakuna mpimaji aliyekanyaga pale, na mjane achukue sufuria zake. Baraza la ardhi lilikuwa linakaa Alhamisi. Bi Mwajuma alitakiwa kuleta ramani.

Ramani ya karatasi ilikuwa kwetu. Nilikwenda kuitafuta na nikaikuta: mchwa walikuwa wamekula Makurunge yote na wameanza vijiji vya jirani. Kilichobaki kilikuwa diski ya kompyuta ya ule mradi, gigabaiti arobaini, ya kebo bapa, iliyokaa stoo chini ya pazia kwa miaka. Nikaifunga kwenye mashine ya zamani, nikawasha. Ikagonga mara mbili, ikalia kama mlango wenye kutu, kisha ikaanza kuzunguka.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, mniandikie hilo. Nilianza kuisoma kutoka mwanzo, mfululizo. Diski ilikuwa na makosa mengi hata mashine ikashusha mwendo yenyewe, ikashusha tena, mpaka ikawa inakwenda polepole kuliko lile tundu la aibu. Nikapiga hesabu: ingemaliza Jumatano mchana. Vikombe mia sita. Nikampigia simu Fundi Mbwana.

"Anatembea?" aliuliza.

"Anajikokota."

"Mwache ajikokote. Usimguse. Hata vumbi usimfute."

Nikamwambia Bi Mwajuma kwamba kazi inaendelea, arudi baadaye. Sikumwambia lini. Akasema Makurunge ni mbali, atalala kwa dada yake hapa mjini, na kila siku atakuwa kwenye benchi. Nikaona ni sawa.

Jumanne asubuhi nilikuta diski bado inazunguka, imefika karibu nusu. Ndani ya saa moja mkuu wa ofisi alipita mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza akauliza, "Bado?" Mara ya pili hakuuliza, alitazama skrini halafu akatazama jedwali langu la rangi ukutani. Mara ya tatu alikuja na wageni wawili wa semina, akaniambia mbele yao, "Huyu ndiye bingwa wetu wa mwendo," na mmoja wa wageni akaisoma ile asilimia kwenye skrini akatabasamu.

Tabasamu lile ningelijua nikilikuta hata sokoni.

Basi ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kiunganishi kipya kilichofika na basi la asubuhi kutoka Kariakoo, cha kuchukua diski ya kebo bapa na kuichomeka kwenye tundu la toleo la pili. Megabaiti ishirini na tano kwa sekunde, nilikuwa nimeshakipima na diski nzima. Nusu iliyobaki ilikuwa vikombe mia tatu kwa njia ya zamani na vikombe vitatu kwa njia mpya. Nikawaeleza wageni kwa madaha yote, nikawaonyesha jedwali. Nikasimamisha usomaji. Nikazima. Nikachomoa kebo bapa, nikachomeka kiunganishi, nikawasha.

Ikagonga. Ikagonga tena. Nikazima, nikawasha. Ikagonga mara saba, nilihesabu, kisha ikakaa kimya. Nikairudisha kwenye kebo yake ya zamani. Kimya. Wageni wakakumbuka kwamba semina inaanza.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nilikuwa bado sijakubali kwamba nimechomwa. Nilifungua mtandao nikasoma ushauri wa mafundi wa mbali: diski iliyokwama, iweke kwenye friza, chuma kitasinyaa, itazunguka kwa muda mfupi, nawe unanakili haraka. Ofisi haikuwa na friza. Bi Tausi wa soko la samaki alikuwa nalo, ni rafiki yangu tangu madrasa. Nikamkimbilia na diski kwenye mfuko wa plastiki.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Kompyuta ya serikali."

"Kaiweke na changu. Upande wa pweza umejaa."

Ikakaa na changu saa tatu. Aliyeandika ule ushauri, Mungu amsamehe, anakaa kwenye nchi ambayo hewa yake ni kavu kama unga. Pwani yetu ukitoa kitu cha baridi kinaoga. Nilipoifikisha ofisini diski ilikuwa inatiririka maji kama bilauri ya ukwaju, ndani na nje, na nilipoipa umeme ilitoa harufu mbili, ya moshi na ya samaki. Nadhani mimi ni mtu wa pekee katika historia ya ukanda huu aliyeua diski moja mara mbili kwa siku moja. Chumba kilinuka changu hadi Ijumaa, na paka wa jirani akawa mwajiriwa.

Nilicheka wakati ule, na nimelieleza hili kwenye harusi mbili watu wakacheka. Lakini kule barazani Bi Mwajuma alikuwa kwenye benchi, na mimi nilitokea mlango wa nyuma.

Ile nusu iliyokwisha kusomwa nilikuwa nayo salama. Jumatano nzima niliichambua, faili moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa za vijiji vingine, Ubena na kwingineko. Za Makurunge zilianza mwishoni kabisa. Ramani haikuwepo. Ilikuwepo picha moja, na ilikuwa nusu: juu picha safi, chini rangi ya kijivu tupu. Niliangalia namba za mahali ilipokatika nikaona ni palepale niliposimamisha. Sekunde chache zaidi ingekuwa picha nzima, na orodha ya faili, iliyosomwa mwanzoni, ilionyesha kwamba baada ya picha ndipo ilipolala ramani. Nilijua jina la faili yake na ukubwa wake. Ndani yake sikuwahi kuona. Nililia pale kwenye kiti, na sikulia kidogo, halafu nikanawa uso nikaenda kumwita.

Nusu picha ilikuwa na watu watano bila miguu. Bi Mwajuma akaweka kidole kwenye skrini. "Huyu mume wangu," alisema. "Hawa majirani, huyu amekwishakufa, huyu yupo. Huyu mwenye chombo ni mpimaji." Kidole kikasimama kwa mtu wa mwisho, kofia ya viua kichwani, anacheka meno yote nje. "Na huyu Salumu."

"Yule aliyesema hajawahi kuona mpimaji?"

"Amemshika bega," alisema Bi Mwajuma.

Akaniuliza ramani. Nikamwambia diski ilikuja mbovu sana. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo hali ya vitu," akanishukuru kwa picha.

Alhamisi nilikwenda naye kwenye baraza la ardhi kwa niaba ya ofisi. Mkuu alikuwa ameniandikia barua: kifaa kilipokelewa kikiwa na hitilafu. Kila neno lilikuwa la kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Mwenyekiti wa baraza aliisoma kwa sauti, akaniuliza kama nina la kuongeza. Hapo ndipo ningesema kwamba ramani ilikuwepo hadi Jumanne saa nne, kwamba jina lake nimeliona kwenye orodha, kwamba mimi ndiye niliyeikata. Nikasema sina, mheshimiwa. Nikakaa.

Picha ilifanya kazi yake. Mwenyekiti aliigeuza kuelekea kwa Salumu akamwuliza yule mwenye kofia ni nani. Salumu akatazama muda mrefu akasema anafanana na mtu. Watu wakaangua kicheko, na hata mlinzi wa mlangoni akaja kutazama. Hoja yake ya kwamba pale hapajawahi kupimwa ikafa palepale. Shamba likawa la Bi Mwajuma.

Lakini mpaka ulikuwa upite wapi? Picha ilikuwa na vichwa tu, na mawe ya mpaka hukaa miguuni. Jirani aliyebaki hai alikumbuka upande mmoja, upande wa Salumu hakuweza kuapa. Baraza likasema kwa kukosekana ramani, mstari upite kwenye njia ya miguu. Mikorosho mitano ikabaki ng'ambo ya njia, kwa Salumu.

Nilikaa na hilo miezi miwili. Nilikuwa mkali kazini, nililibandua jedwali ukutani nikasema rangi zimefifia. Fundi Mbwana nilimwambia ukweli kwa simu. Akasema, "Nilikwambia usimfute hata vumbi," halafu akauliza watoto hawajambo. Mwisho nikapanda bodaboda hadi Makurunge, nikiwa na viatu vya ofisini na kilo mbili za sukari, kwa sababu mtu haendi kuungama mikono mitupu.

Nilimkuta anapalilia. Nikaamkia, akaitikia, akaegemea jembe. Nikamweleza yote bila kupunguza: kebo, kiunganishi, wageni, friza la samaki, barua, na kimya changu mbele ya mwenyekiti. Alisikiliza kama anayesikiliza habari ya msiba wa mbali. Kwenye samaki alicheka kidogo, na kile kicheko kiliniuma kuliko matusi.

"Ungeiacha vile ilivyokuwa ikijikokota," aliuliza, "ingemaliza lini?"

"Jumatano mchana, mama."

"Na baraza lilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

Akatazama ng'ambo ya njia, kwenye mikorosho. Ilikuwa imeanza kutoa maua. "Ile aliipanda marehemu kabla hatujajenga nyumba," alisema. "Tulikuwa tunalala chini yake." Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Mimi nilikuwa kwenye benchi. Ungeniambia nisubiri mpaka Jumatano, ningesubiri. Sasa ile haraka ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia ilikuwa yangu.

"Haya," alisema. Akanionyesha jembe la pili lililolala kwenye tuta, akasema tuumalize ule mstari aliokuwa akipalilia jua halijawa kali. Nikavua viatu, nikalishika.